Herufi Ndogo

Chumba cha Kumbukumbu,
6 Februari

Kaka,

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula.

Karatasi yako ya sheria imefika, dereva wa gari la dawa ameileta pamoja na diski. Kurasa nne, Kaka! Nilidhani umetuletea katiba. Jina la jedwali la kompyuta lisiwe na nafasi katikati. Jina lisiwe refu kupita kiasi. Jina liwe kwa herufi ndogo. Jina liandikwe vilevile kila hospitali, mashine yoyote iwayo. Wenzangu wa mapokezi wameshakubatiza Bwana Sheria, na mimi mdogo wako wa damu sikukutetea hata kidogo.

Ila kwa moja nakushukuru. Umeniruhusu niongeze lile jedwali la mzio, na umenitumia maelekezo niliandike kwa mkono wangu. Unajua kwa nini nililing'ang'ania. Mwaka jana Mama alipodungwa penisilini, koo lilivimba nikimtazama, akawa anaparamia hewa kwa mikono kama mtu anayepanda ukuta. Waliwahi kumwokoa kwa sababu tu daktari mkuu alikuwa anapita kwenye korido. Na kadi yake ilikuwa na alama ya kalamu nyekundu, tatizo ilikuwa imegandana na kadi ya mtu mwingine na hakuna aliyeiona. Sasa mambo ya kugandana basi. Sista akifungua jina la mgonjwa, skrini inamwambia huyu asipewe dawa gani. Mstari wa kwanza kabisa nimemwandika Mama. Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa: "Kumbe nimekuja kushika namba moja uzeeni!"

Na hiyo sheria ya herufi ndogo nimeitii mpaka imepitiliza. Jedwali langu limekuwa dogo hata mimi mwenyewe nalitafuta kwa miwani. Daktari mkuu alipita nyuma yangu akaniuliza kama nafuga chawa kwenye skrini. Umefurahi?

Mdogo wako,
Chiriku


Makao Makuu,
15 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Barua yako niliwasomea wenzangu, na hapo pa chawa mmoja alimwaga chai juu ya kibodi. Hasara hiyo naiandika kwa jina lako.

Utani tuweke kando kidogo, nikueleze kwa nini nimekuwa Bwana Sheria. Kompyuta zetu hazifikiri namna moja. Hiyo ya zamani uliyo nayo ina programu endeshi isiyojali: ukiandika jina kwa herufi kubwa au kwa herufi ndogo, kwake ni jina lilelile. Ni kama mlinzi wa getini aliyekuzoea. Uje na suti, uje na ndala, anakufungulia. Mashine mpya tutakazowaletea zina programu endeshi nyingine, na mlinzi wake hajui mtu. Jina likitofautiana kidogo tu, kwake hao ni watu wawili wasiojuana. Ndiyo maana nataka majina yafanane kila mahali kabla hatujahama.

Majedwali mengine yote niliyaandika mimi, kwa hiyo hayo hayanipi shida. La mzio ndilo pekee lililoandikwa huko kwenu. Kwa kuwa umesema umetii, sina haja ya kulirudia. Nitaijaza mashine mpya kutoka kwenye diski yako ya mwisho wa mwezi, nami mwenyewe nitaipakia kwenye gari.

Jambo moja zaidi. Nimeuagiza mfumo kwamba ukikosa jedwali lolote, usimsimamishe sista kwa ujumbe wa kutisha asiouelewa. Utengeneze jedwali jingine papo hapo na kazi iendelee. Mgonjwa hawezi kukaa benchi akisubiri fundi asafiri kutoka huku.

Mwambie Mama nakula. Ni uongo, lakini mwambie.

Kaka yako


Chumba cha Kumbukumbu,
10 Machi

Kaka,

Mashine imefika bila mkwaruzo. Ni nyembamba, tena haina kelele. Ile ya zamani ilikuwa inakoroma mpaka wagonjwa wa dirishani wanageuka. Wagonjwa wote wapo, umri wao, anwani zao, tarehe zao za kliniki. Nilitafuta kumi wa kubahatisha nikawakuta wamekaa mahali pao. Bwana Sheria, leo nakuvulia kofia.

Daktari mkuu amefurahi kupita kiasi. Ameagiza kadi zote za kalamu nyekundu zichomwe, maana kile chumba kilikuwa kimegeuka kijiji cha mende. Nimezichoma mwenyewe nyuma ya jengo la kufulia. Ya Mama niliishika kidogo kabla ya kuitupa, nikaona ujinga, nikaitupa.

Halafu sikiliza maajabu. Unamkumbuka Sista Kimya wa wodi ya wanawake, yule ambaye hata salamu anaitikia kwa kichwa? Juzi kafungua mdomo! Eti mashine hii ina mkono wa heri, kila mgonjwa anayemfungulia inamwambia "Mzio: Hakuna." Nikamjibu kwamba siku hizi tumeacha kupokea wagonjwa wakorofi. Akacheka, Kaka. Sista Kimya, kwa meno kabisa.

Mama ana kikohozi kisichotaka kuondoka. Nimemwambia aje apimwe, anasema akimaliza kupalilia mboga zake. Unamjua ukimwambia neno mara mbili linavyokuwa.

Mdogo wako,
Chiriku


Nyumbani,
22 Machi

Kaka,

Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa mno. Kikombe cha Mama bado kiko juu ya meza na sina nguvu ya kukiosha.

Msibani hatukupata nafasi ya kuzungumza, watu walikuwa wengi na kila mmoja alitaka kushika mkono wako. Acha niseme sasa. Asubuhi ile homa ilimpanda ghafla, akawa hajui yuko wapi. Nilimbeba mgongoni kutoka getini mpaka wodini. Alikuwa mwepesi, Kaka, sikujua kama amekwisha hivyo. Nikamkabidhi kwa Sista Kimya, nikamwambia kwa mdomo wangu: "Kila kitu chake kimo kwenye kompyuta, angalia tu." Kisha nikakimbia nyumbani kumchukulia nguo za kubadilisha. Niliporudi walikuwa wameshamfunika uso. Nikasimama pale na nguo mkononi, sikujua niziweke wapi.

Yule mwanamke alimdunga penisilini. Mama yetu! Mtu wa mstari wa kwanza! Na sasa anadai kwamba alifungua na skrini ikamwambia "Hakuna." Anadanganya. Hakufungua kabisa, au alifungua macho yake yako kwingine. Mimi ndiye niliyeandika maneno yale, herufi kwa herufi, na hakuna mtu duniani wa kuniambia hayakuwepo.

Polisi wamemweka ndani na mimi nimeshatoa maelezo yangu. Kamati ya uchunguzi inakaa mwezi ujao. Katika bahasha hii kuna diski, nimenakili kila kitu kama ulivyonifundisha. Nitafutie mahali panapoonyesha kwamba habari za Mama zilikuwepo na yeye hakuzitazama. Wewe unajua kuzisoma mashine. Nataka aozee humo ndani.

Mdogo wako


Makao Makuu,
29 Machi

Mdogo wangu,

Diski nimeifungua. Habari za Mama zipo, uliziandika vizuri, hukuacha kitu.

Bado naangalia mengine. Nakuomba kwa sasa usimseme Sista kwa watu. Ngoja kwanza nimalize.

Nina swali, na unijibu bila hasira kama unaweza. Siku ile ulipoandika jina la jedwali la mzio, uliliandika namna gani hasa? Na uliposema umelifanya dogo mpaka unalitafuta kwa miwani, ulifanya nini?

Kikombe usikioshe kama hutaki. Kitakaa.

Kaka yako


Nyumbani,
4 Aprili

Kaka,

Swali gani hili la kumuuliza mfiwa? Nakuomba unitafutie mwuaji, wewe unanisahihishia imla.

Haya, nakujibu. Niliandika Mzio. Nilianza na M kubwa kwa sababu ni jina, na jina huanza kwa herufi kubwa. Hilo nilifundishwa kwa rula kwenye vidole na sitalisahau. Halafu nikafuata sheria yako. Ulisema herufi ndogo, nikabonyeza pale pa kupunguza ukubwa wa maandishi, nikabonyeza na kubonyeza mpaka yakawa kama mchanga. Nilikwambia siku ileile, ukacheka na wenzako. Umeridhika?

Sasa nami nimeshika neno lako. Umesema habari za Mama zipo. Basi yule mwanamke ni mwongo, na hiyo sentensi yako nitaisoma mbele ya kamati.

Mume wake alikuja jana na mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni akaniomba nikafute maelezo yangu polisi, akasema mkewe hali wala halali, anarudia neno moja tu, "Niliangalia." Nikamfungia mlango. Nilimsikia mtoto akilia mpaka wakafika barabarani. Sijutii, Kaka. Na mimi wa kwangu nimlilie kwa nani?

Mdogo wako


Makao Makuu,
9 Aprili

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Uchunguzi wa Kifo cha Mgonjwa

Ndugu Mwenyekiti,

Naomba kuwasilisha maelezo yangu kwa maandishi.

Katika hifadhidata ya hospitali kuna majedwali mawili ya mzio. La kwanza linaitwa Mzio, kwa herufi kubwa mwanzoni, na humo zimo habari zote, za marehemu zikiwa za kwanza. La pili linaitwa mzio, kwa herufi ndogo tupu, nalo halina kitu. Kwa mashine ya zamani majina hayo mawili ni jina moja. Kwa mashine mpya ni majina tofauti. Mfumo ulitafuta lile la herufi ndogo, haukulikuta, ukatengeneza jipya lisilo na kitu, na tangu siku hiyo kila mgonjwa aliyefunguliwa alisomewa "Hakuna." Muuguzi aliyeko mahabusu aliangalia skrini kama inavyotakiwa. Alichosema ndicho alichokiona. Mpaka jedwali lirekebishwe, naomba kila mgonjwa aulizwe mzio wake kwa mdomo.

Amri ya kutengeneza jedwali jipya bila kumwambia mtu niliiweka mimi. Kuandika "Hakuna" pale ambapo mfumo ulipaswa kusema haujui, niliandika mimi. Herufi kubwa iliyoanza jina hilo pia niliiandika mimi, wakati wa kuandaa mashine mpya. Hakuna mtumishi wa hospitali anayehusika.

Marehemu ni mama yangu mzazi. Kwa heshima ya familia, naomba maelezo haya yasibandikwe ubaoni wala yasisomwe mbele ya watumishi.

Fundi wa Hifadhidata


Makao Makuu,
9 Aprili

Mdogo wangu,

Keti ndipo usome.

Sista hakudanganya. Aliangalia, na skrini ilisema "Hakuna." Nilipokuwa nahamisha data kwenda kwenye mashine mpya nilikosea jina la jedwali lako, kwa hiyo mashine haikuliona. Ikasoma mahali patupu. Habari za Mama zilikuwa ndani wakati wote, lakini hakuna aliyeweza kuzifikia. Kosa ni langu. Nimeshaiandikia kamati na nadhani Sista watamwachia wiki hii.

Nilikuuliza ulivyoandika kwa sababu nilitaka kuwa na hakika kabla sijasema. Sasa ninayo. Wewe ulifanya yote niliyokuagiza.

Usiende mbele ya kamati. Hawatakuita. Kama ukitaka kunitukana, nitukane mimi, unayo haki. Nilimzika mama yangu nikiwa najua kuliko watu wote pale jinsi mashine ile inavyofanya kazi, na sikujiuliza hata mara moja.

Kaka yako


Chumba cha Kumbukumbu,
16 Aprili

Nimeisoma barua yako na sitairudia.

Kurasa nne. Kurasa nne za majina yawe hivi na majina yawe vile, ukatufanya tuonekane wajinga, halafu mwenye sheria ndiye aliyeshindwa kuandika jina moja. Mimi karani niliyesomea kuchapa barua nilifuata. Wewe msomi hukufuata.

Umenifanya nimfungie mlango mtu na mtoto wake. Umenifanya nitamke maneno polisi ambayo siwezi kuyameza. Na ulikaa msibani ukipokea mkono wa pole wa kila mtu.

Usije. Usikanyage kaburi lake. Usiniite Chiriku tena. Aliyenipa jina hilo alikuwa kaka yangu, na huyo nimemzika siku moja na mama.

Karani wa Kumbukumbu


21 Mei

Mdogo wangu,

Dereva amekubali kuichukua hii ingawa mimi si mfanyakazi mwenzake tena. Sitakuchosha.

Waliniachisha kazi mwezi uliopita. Kesi waliyonifungulia haijasikilizwa, wananiita mahakamani na kunirudisha. Nimepata kibanda karibu na stendi, natengeneza redio na simu. Mikono inafanya kazi, kichwa kinapumzika, si haba.

Aliyekaa kwenye kiti changu ni binti mwangalifu kuliko mimi. Nimemwachia sheria zangu nikamwomba azirekebishe, kwa kuwa maneno mengine niliyaandika kama vile kila mtu amekaa ndani ya kichwa changu.

Nasikia Sista amerudi kazini. Nimefurahi.

Nakula.

Kaka yako, hata kama hutaki


chumba cha kumbukumbu,
19 juni

kaka,

utanivumilia kwa mwandiko huu. zile herufi kubwa mkono umekataa kuziandika.

leo dereva ameleta sheria mpya kutoka kwa yule binti. ni ukurasa mmoja. sheria ya kwanza inasema majina yote ya majedwali yawe kwa herufi ndogo. chini yake ameongeza maelezo: herufi ndogo ni aina ya herufi, ile ambayo hatuanzii jina la mtu wala sentensi. haihusu ukubwa wa maandishi kwenye skrini. jina likianza kwa herufi kubwa, mashine mpya italihesabu kuwa jedwali jingine.

nilikuwa nasoma nimesimama, nikaona nikae. wenzangu wa mapokezi walicheka, wakauliza ni mjinga gani asiyejua hilo mpaka aandikiwe. nikacheka nao. sikujua nifanye nini kingine na uso wangu.

ndiyo maana uliniuliza niliandikaje. nami nikakujibu kwa kiburi, nikakueleza mpaka rula ya mwalimu. ulijua tangu siku ile. ukaniacha nikutukane, ukaniacha nikufukuze kaburini kwa mama, na ulichonijibu ni kwamba unakula.

mchana nilikwenda kwa sista kimya. mume wake ndiye aliyefungua, na hakunifungia. wakanipa kiti na maji. sista alidhani nimekuja kukuombea radhi. akasema kwa ile sauti yake, "mwambie kaka yako nimeshamsamehe." nikanywa yale maji yote, nikaaga. sikuweza, kaka. mtoto alikuwa amenikalia miguuni.

kesho nitaweza. naanza kwa daktari mkuu, nimwambie jina lile liliandikwa na nani, kisha narudi kwa sista nimwambie msamaha wake umekwenda kwa mtu siye. nimekuandikia wewe kwanza usije ukasikia kwa dereva. usijaribu kunizuia. umenibeba vya kutosha na huo mzigo haukuwa wako wote.

njoo nyumbani. kikombe bado kiko mezani.

jedwali wamelirekebisha wiki iliyopita. kabla ya kuanza barua hii nilimfungua mama. yuko mstari wa kwanza, vilevile nilivyomwandika. skrini ikawa nyekundu yote, ikasema: mgonjwa huyu asipewe penisilini.

mdogo wako,
chiriku